Mugongo ya Nguruwe ni ya Nani

Bunia, tarehe 14 mwezi ya pili 2024

Mujukuu yangu Ketsia,

Mimi njo koko yako Élise. Mukono ni ya Glodie, jirani mushonaji, lakini mudomo ni yangu. Nimemukataza kupaka sukari. Akipaka nitajua, juu atanisomea yote mbele ya kupiga picha na kukutumia.

Unauliza juu ya nini situmi sauti. Sauti yangu ikiingia mu simu ya Glodie, anaifungua mbele ya bateja, banacheka, na bamotari ba pikipiki benye banakaa ku kona banajua mambo ya nyumba yangu. Barua inajua kunyamaza.

Koli yako, ile muzigo ulituma, imefika. Mama Hortense wa parokia aliitoa mu valizi yake na mikono mbili, sawa mutu mwenye kubeba mutoto. Plastiki imekazwa, haina ata pumzi. Nilifikiri ni kitambaa. Nikapasua na kisu: nyama. Lakini nyembamba hivi! Niliinua kipande moja pa mwanga ya mulango, nikamuona Mama Hortense ngambo ingine. Nikamuuliza: «Kule Belgique nguruwe banamukata na wembe?» Akasema ni lardi, batu ya kule banaikula asubui na mayai. Nikasema asante. Nina adabu.

Si wembamba njo iliniumiza. Nilipanga vipande pa sahani, nikaangalia. Nyeupe, nyekundu, nyeupe, nyekundu. Mimi ni binti ya Kamate mukata-nyama. Kitabu sikusoma, lakini nguruwe ninasoma. Ile ni tumbo.

Unajua vizuri, juu ulikulia pa magoti yangu. Katika nyumba ya Kamate, tangu baba zake bako Butembo, nguruwe akikatwa, mugongo ni ya ule mwenye alilea. Tumbo ni ya bakwe. Bakwe banapewa tumbo juu ni bageni, banapewa mafuta ili bafurahi, lakini mugongo hawaguse.

Sasa sikia. Kisha Noeli, Glodie alinionyesha foto yenye mudogo yangu Solange alituma toka Angleterre. Weye ulienda kumusalimia kule. Unasimama nyuma ya kiti yake, unacheka meno yote inje, na mukono yako inaweka sahani mbele yake. Pa sahani kuko nini? Mugongo! Jicho ya nyama mviringo, nene, na mafuta kidogo pembeni sawa mukaba. Niliiona mupaka simu ikazima. Nikasema ku roho: muache, yeye amekula yake, yangu pia itakuya.

Yangu imekuya. Tumbo.

Basi nimeelewa. Mama yako, mutoto yangu wa tumbo, alikufa weye ungali hauna meno. Nilikuwa natafuna nyama, nakutilia mu mudomo na kidole yangu hii. Leo Solange njo mulezi, na mimi niko mukwe. Hakuna shida. Familia ya muchumba yako Fabien balipita kuuliza siku ya doti, ile ya kutoa mahari, juu weye na yeye hamuna nafasi ya kupanda ndege, na mahari itatolewa hapa bila nyinyi, sawa batoto yote ya Bulaya banafanyaka. Nimewaambia bamuite Solange apokee mugongo pa kiti ya mama. Mimi nitakaa upande yao, pamoja na bakwe wenzangu.

Unavaa soksi? Mama Hortense anasema ulitembea kichwa wazi mu baridi. Kichwa ile nilisuka mimi. Ifunike.

Koko yako, kama ungali unaniita vile,
Élise


Liège, tarehe 20 mwezi ya pili 2024

Mukemwenzangu, Koko wa roho,

Bwana yetu Fabien anakusalimu. Anasema angekuona kwanza weye, mimi asingeniangalia.

Barua yako niliisoma jikoni, kule kwa home ya bazee ninapopika, na nilicheka mupaka chef akauliza kama niko mugonjwa. Koko! Tumbo, mugongo! Haiko weye, haiko Koko Solange, ni maduka tu. Sikiliza nikueleze, utacheka pia.

Hapa Belgique, ukiingia kwa bushe, mwenye kuuza nyama, ukasema lardi, anakata tumbo bila kukuuliza kitu. Anaiweka chumvi, anaitia mu moshi, inatoka. Ku Angleterre wanaiita bekoni, na ukisema ile neno bushe anakata mugongo. Ni nguruwe moja, lakini kila inchi na kisu yake. Na si hizo mbili tu. Pa home iko muzee moja Mutaliano. Yake haioni moshi ata siku moja. Ni chumvi na pilipili manga, wanaiviringisha sawa mukeka, inakauka na upepo. Ukimupa ya moshi anasukuma sahani. Iko mama moja Mujerumani. Yake lazima moshi mupaka inakuwa nyeusi, ngumu, ya kukatwa ukisimama. Bamerika wanakaanga tumbo mupaka inavunjika sawa biskwiti. Na padri mwenye alitoka Canada aliniambia kule kwao iko mugongo yenye haina moshi, wanaipaka unga ya mahindi ya njano inje yote. Unga ya mahindi, Koko! Nilimuuliza kama na bugali yao wanaipaka nyama.

Ile ya Angleterre, ata usiionee wivu. Wanailoweka mu maji ya chumvi. Ukiiweka mu kikaango inatoa maji meupe, unangoja ikauke njo ianze kukaanga.

Kwa hiyo tumbo ao mugongo, si nyama ni nyama? Usikasirike bure. Koko Solange amekata tiketi, atakuya kwa doti. Anafurahi sana. Mukae wote wawili pale mbele. Yeye njo alikuya kunilinda ile mwaka yangu ya kwanza hapa, nilipougua, na weye ulinilea. Muko koko yangu wote, sawasawa.

Soksi ninavaa. Kofia pia.

Mukemwenzako mudogo,
Ketsia


Bunia, tarehe 3 mwezi ya tatu 2024

Solange,

Sitaanza na salamu. Salamu utaikuta pa chini, kama itabakia.

Mutoto ameniandikia kama ni maduka. Ati bushe wa Belgique anakata tumbo, bushe wa Angleterre anakata mugongo. Sawa. Bushe akate vile anapenda, kisu ni yake. Lakini ile sahani, nani aliiweka mbele yako? Bushe?

Na ameniandikia neno ingine: sawasawa. Mimi na weye, sawasawa. Glodie aliisoma, nikamuambia arudilie, nikafikiri amekosa. Hakukosa.

Tangu utoto uko vile. Mama alikuwa shambani, mimi ninakubeba, na weye kule nyuma unanyoosha mukono kupita sikio yangu, unakamata kipande ya nyama mbele ya mudomo yangu. Ninalia. Baba anasema: «Muache, ni mudogo.» Nilikuachia nyama. Nilikuachia kitenge ya mama yenye maua. Nilikuachia kuenda Bulaya, juu ule mwaka mutu mumoja tu njo alipata njia, na nikasema weye uende, mimi nina binti mugonjwa. Sasa uko na mvi, Solange. Ungali mudogo? Mutoto mwenye nilitafunia nyama, weye ulimutafunia nini?

Na unakula nini kule? Ketsia anasema nyama yenu inalowekwa, na ukiiweka mu kikaango inalia maji. Nyama yenye kulia! Mimi nguruwe yangu ninaisugua chumvi na mukono, ninaitundika juu ya moto ya jikoni, kuni ya avoka, na kila mutu mwenye kupita mu njia anajua ya kama leo kwa Élise iko mambo. Inakauka mupaka nzi anateleza. Usinionyeshe mugongo yenye kulia.

Lakini hii nitakuambia, na ukimuambia Ketsia, mimi na weye basi. Ile tumbo ya Belgique, nilisema mbele ya batu nitaipa bakwe. Bongo, nilidanganya. Niliitia mu sombe, majani ya mihogo. Nikaichemusha tangu asubui, sawa vile tunafanyaka na nyama ya moshi, juu nilijua itakuwa ngumu. Nilipofunua chungu, nyama iko wapi? Imekwisha yote, imeingia mu majani. Nikawatukana Babelgique wote. Kisha nikaonja. Solange. Willy mutoto yangu alisugua ile chungu na bugali mupaka ikangaa, na unajua Willy hapendi sombe. Mimi pia nilikula. Nilikula na kasirani, lakini nilikula.

Kuya basi, ukae pa kiti ya mama, upokee mugongo, ni yako. Nilisema nitakaa upande ya bakwe. Hapana, ata ile sitafanya. Nitaenda Mambasa kwa rafiki yangu, nibakie kule mupaka mafuta ya ile nguruwe ikauke ku midomo yenu. Familia ya Fabien nimekwisha kuwajulisha.

Mukono yenye ulivunja ku barafu imepona? Usibebe ndoo. Tafuta mutu akubebee.

Élise


Leeds, tarehe 17 Machi 2024

Yaya Élise, dada yangu mkubwa,

Shikamoo. Habari za nyumbani? Habari za Willy, habari za kifua chako? Naanza na salamu ili ujue kwamba nililelewa vizuri. Na aliyenilea unamjua.

Najua utamwambia Glodie nimeanza tena Kiswahili changu cha Wakenya. Nakaa nao huku kanisani, nifanye nini.

Umeuliza nani aliweka sahani. Nitakuambia, na ukimwambia mtu, sikanyagi Bunia mpaka nife. Ile bekoni niliinunua mwenyewe. Niliikaanga mwenyewe. Niliipanga, nikamwambia Ketsia: njoo simama hapa, shika sahani, cheka. Nikamwita jirani apige picha. Halafu nikaituma kwa Glodie, maana Glodie hana mfuniko mdomoni, nikajua atakuonyesha siku hiyohiyo. Nilichagua mgongo makusudi. Nilitaka uone, Yaya. Nilitaka uone mgongo mbele yangu.

Sasa uliza kwa nini.

Ule mwaka alipougua, nilifunga safari mpaka Liège, nikakaa kwake, nikampikia. Kila chakula alikula nusu, akasema, «Asante Koko, ni kitamu, lakini.» Hasemi lakini nini. Hiyo «lakini» ilikuwa wewe. Ilikaa nasi mezani asubuhi na jioni. Nilipika sombe, lakini. Nilipika maharagwe, lakini. Wewe uko Bunia, hata viatu hukuvaa kuja, na ulikuwa unanishinda jikoni kwangu.

Na ile Noeli ya picha, unataka kujua alikula nini? Mkate. Alionja bekoni yangu akasema, «Haina arufu ya moshi.» Akachukua iliyobaki, akaifunga na uzi, akaitundika juu ya sufuria yenye vipande vya mbao vinavyoungua, eti airekebishe. Nyumba za huku zina kengele darini. Ikiona moshi inapiga kelele kama mwendawazimu. Ilipiga. Watu wa jengo zima walitoka barabarani na nguo za kulalia, wazima-moto wakaja na gari lao, Noeli yote ikasimama. Mimi nina taulo kichwani, namwomba radhi kila mzungu. Ketsia anacheka mpaka anakaa chini. Anasema, «Koko Élise angekuwa hapa!» Nilisimama pale kwenye baridi, nikakuonea wivu, Yaya.

Mimi nina mgongo wa dukani. Wewe una mtoto. Na bado unalia.

Haya, nenda Mambasa. Nenda kabisa. Nitavaa kitenge kipya, nitakalia hicho kiti na kuegemea, na Ephraïm mkata-nyama akiuliza mgongo ni wa nani, nitajibu ni wangu, tena kwa sauti ya kanisani. Ukirudi utakuta mfupa.

Mkono umepona. Ndoo sibebi, huku maji yanakuja yenyewe.

Mdogo wako, tena mwenye mvi,
Solange


Liège, tarehe 2 mwezi ya ine 2024

Koko,

Leo sikuiti mukemwenzangu. Leo sina mchezo.

Mujomba Willy alinipigia. Mama ya Fabien amesema hivi: «Tulete nguruwe, tumupe nani? Mwenye mugongo anakimbia Mambasa. Hatuwezi kuweka nyama mbele ya kiti tupu. Familia ikubaliane kwanza mama ya bibi arusi ni nani, kisha batuite.» Wamesimamisha doti, Koko. Fabien hakuniambia, alitaka kunificha. Nilimukuta ameketi pa ngazi na simu mukononi.

Nilikuandikia mambo ya Bataliano na unga ya mahindi. Nilicheka. Nisamehe. Nilijaza barua na maduka juu nilikuwa na haya ya kusema hii ninakuambia sasa.

Sikusahau desturi. Nilipojua Mama Hortense anaenda Bunia, niliingia kwa bushe nikamuomba mugongo. Akaniletea nyama mbichi ya kuchoma. Nikasema hapana, mugongo yenye imepita mu moshi. Akasema hapa haifanyike, nijaribu Angleterre. Nikaikamata ile mbichi nikainusa. Hakuna kitu. Inanuka baridi. Kisha akafungua mulango ya nyuma atoe lardi, na moshi yake ikanifikia. Koko, nilifunga macho mbele ya bateja. Nilikuwa jikoni kwako. Nilisikia unakohoa, nilisikia unafukuza kuku.

Nilipaswa kuchagua: kipande yako bila arufu yako, ao arufu yako ku kipande ya bakwe. Nilichagua arufu. Nilifikiri utanusa mbele ya kuangalia.

Uliangalia.

Mama yangu sijui uso yake. Foto yenye iko, jua ilimupiga, anaonekana nusu. Nikifunga macho nikisema «mama», mwenye anakuya ni weye, na kidole yako mu mudomo yangu. Koko Solange ninamupenda, lakini nilimuambia pia: kiti ile ni moja, na ni ya Koko Élise. Alilia ku telefone. Ilinikata roho. Sitaki kumuliza mutu mwenye alinifunika mu baridi. Lakini sitakuambia tena sawasawa, juu si kweli.

Usiende Mambasa. Tafazali. Kaa.

Ketsia


Bunia, tarehe 30 mwezi ya ine 2024

Ketsia,

Sikuenda Mambasa.

Barua yako Glodie aliisoma mara moja, nikamuambia asome tena, akaanza kulia juu ya nguo ya bibi arusi mwingine yenye alikuwa anashona, nikamufukuza akapanguse pua. Kisha nilitoka nikavaa viatu, nikaenda na miguu yangu kwa mama ya Fabien. Nilimuambia: «Mama ya bibi arusi ni mimi. Leteni nguruwe.» Akaniuliza kama nimeacha kasirani. Nikamuambia kasirani ni yangu, nguruwe ni yako, kila mutu ashike yake.

Doti imefanyika jumamosi. Umekwisha olewa. Waliobaki bataeleza mbuzi na vitenge, mimi ninakueleza yenye muhimu.

Kwanza Solange. Nilienda kumupokea pa uwanja ya ndege, nimefunga mudomo. Nilitayarisha maneno. Akashuka, Ketsia, amekonda! Kitenge inamuzunguka mara mbili. Maneno yote ilinikimbia. Nilimupiga kofi ya mugongoni nikamuuliza: «Kule banakulisha ile maji ya kikaango?» Akaanguka ku bega yangu, akaloanisha blauzi. Pa pikipiki, njia yote, bamotari banatuangalia, juu tulikuwa tunagombana kila moja pa pikipiki yake, na wao wanaendesha bega kwa bega ili tusikilizane.

Siku ya doti nilitoka mbele yake nikakalia kiti. Sikuomba ruhusa. Yeye alikaa pa benchi, nyuma kidogo. Kitenge mupya, kofia ya Angleterre yenye manyoya. Batu banaangalia kofia. Siku yangu, na banaangalia kofia!

Ephraïm akapasua nguruwe. Ilikuwa mweusi, wa hapa, alikula bizuri. Akapangusa kisu, akaita sawa baba yake alikuwa anaita: «Mugongo ni ya nani?»

Nikasimama nikasema: «Yangu!»

Na pale pale, pamoja na sauti yangu, sauti ingine nyuma inasema: «Ya Yaya yangu!»

Batu yote mu parsele bakapiga makofi. Banapigia nani? Yeye! Mimi nimesema yangu, sawa mutu mwenye njaa. Yeye amesema ya Yaya yangu, sawa malaika. Mama ya Fabien anapangusa macho na kitambaa, anamuangalia yeye. Nilisimama pale na mugongo yangu, na makofi iko kwa Solange. Toka utoto, mutoto yangu! Ata akinipa, ananinyanganya.

Nilimuangalia. Alikuwa anachekea chini, ile kucheka yake ya kuiba. Alijua.

Basi nikalipiza. Nikamuambia Ephraïm: «Ngoja. Usitenganishe.» Akasema: «Namna gani, Mama?» Nikasema: «Anzia ku mugongo, shuka mupaka ku tumbo, utoe kipande moja murefu, bila kukata katikati.» Akasema tangu Kamate hiyo haijafanyika. Nikasema Kamate alikuwa na binti babili na hakuuliza ata moja. Bakwe bakaanza kuguna, yao itakuwa wapi. Nikawaambia: «Nguruwe yenu ilikuwa na upande moja tu? Tumbo ya upande ingine ni yenu, kamateni mubarikiwe.» Bakacheka, bakakamata.

Solange akasogea karibu, akasema polepole: «Kwetu pia ile iko, mugongo na tumbo pamoja, wanaikata hivyo hivyo.»

Nikamuuliza: «Kwetu wapi?»

Akasema: «Kule Angleterre.»

Nikasema: «Sema kule. Kwetu ni hapa.» Akashika upande ya tumbo, mimi nikashika upande ya mugongo, tukaibeba mupaka jikoni. Ilikuwa nzito. Alitaka kuachilia pa mulango juu ya mukono yake yenye ilivunjika, nikamuambia asithubutu.

Mama ya Fabien akatufuata. Yeye anapenda mambo iwe wazi. Akauliza: «Sasa huyu, ku karatasi ya doti, tumwandike nani?» Nilitaka kusema mudogo yangu, basi. Neno ingine ikanitoka, na iliuma sawa jino. Nilisema: «Nililea babili katika maisha yangu. Moja iko Liège. Ingine njo huyu. Na huyu alilinda ule mumoja pa baridi, mimi niko mbali.»

Hakuna mutu alipiga makofi. Tulikuwa batatu tu, na kuku.

Ile kipande iko juu ya moto sasa. Solange alipaswa kurudi kule jana, amegeuza tiketi. Anasema moshi inamuumiza macho, lakini haondoke jikoni. Leo asubui nilimukuta anageuza nyama bila kuniuliza, na nguvu yote, mafuta upande ya chini! Nilimunyanganya uma. Akasema kule wanageuza hivyo. Nikasema kule wanaita wazima-moto. Ndiyo, aliniambia. Nilicheka mupaka nikaomba maji. Ningetoa jino ili nione ile kofia yake na bazungu mu nguo ya kulala.

Nguruwe haipite ku uwanja ya ndege, Mama Hortense amenieleza, hivi usingoje koli. Ukitaka kipande yako, kuya uikule hapa, na Fabien wako akuye. Yeye ni mukwe, anajua yake ni gani.

Solange anasimama nyuma ya Glodie. Anataka nimuachie mustari moja pa mwisho akusalimu. Nimekatala. Atafute karatasi yake.

Mama yako,
Élise